Dania Isiyonukia

Kila ninapokata dania, kisu kikigusa tu majani ya kwanza na ile harufu ikaniruka puani, ninaukumbuka mmea mmoja uliofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa harufu. Huenda nawe una kitu kama hicho jikoni mwako, kidogo tu, kinachokurudisha kwenu bila kukuomba ruhusa. Mimi dania hunirudisha Kiwanjani, Isiolo, kwenye boma letu la mchanga, mwaka niliokuwa na miaka tisa.

Mwaka huo shangazi yangu Talaso alikuwa Lebanon, akimtunza bibi kizee asiyejiweza. Mara mbili alikuwa ametuambia anarudi, na mara mbili mkataba ukaongezwa. Aliposema mara ya tatu, hakuna aliyefagia chumba. Akko, nyanya yangu aliyemzaa Talaso na baba yangu, alisema tu, "Ngamia huhesabiwa akishaingia zizini," akaendelea kukamua mbuzi wake.

Kisha rafiki ya shangazi akatangulia nyumbani na kutuletea kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vitu kumi na kimoja vyeusi, vikavu, vilivyojikunja. Mama alivitazama, akalitazama zizi, akacheka mpaka akaketi chini.

"Talaso ametutumia mavi ya mbuzi kutoka ng'ambo. Kwani alisikia yetu imeisha?"

Kumbe vilikuwa viazi vya maua ya porini. Shangazi alipopiga simu, alieleza kwamba yule bibi alimtuma kuvichimba kwenye kilima nyuma ya nyumba, kilima ambacho mvua ya baridi ikipita hugeuka chekundu chote. Bibi aliyaita shakaiki. Vitabu, nilikuja kujua baadaye, huyaita anemoni. Shangazi alinieleza mimi namna ya kuvipanda, kwa kuwa ndimi pekee niliyesikiliza mpaka mwisho. Loweka kiazi usiku mmoja. Upande wenye ncha uangalie chini, na usipoiona ncha, kilaze ubavu. Mmea unajua wenyewe njia ya kwenda juu. Mpaka leo nawaambia hivyo wanaoogopa kupanda kitu wasichokijua, na bado sijaona mmea uliopotea njia.

"Na uangalie sana," akasema, "huku kuna ua lingine jekundu linafanana na hili. Letu liko na kola. Majani imezunguka shingo, kama kola ya shati. Lile lingine shingo iko wazi." Kisha akacheka. "Likifunguka, mtaniona."

Yeye alikuwa anatania. Mimi niliyachukua kama makubaliano.

Nilivipanda nyuma ya jikoni, ukutani, mahali palipopata kivuli tangu saa sita. Kuku walichimbua vinne. Vingine vilikaa kimya siku nyingi, halafu majani yakatoka, membamba, yamekatwakatwa. Mama Kawira, jirani yetu Mmeru aliyepanda dania ndani ya tairi kuukuu, aliinama juu ya ua wa mabati akachuma konzi nzima kabla sijafungua mdomo. Hakukaa sana jikoni kwake. Alirudi na majani yote mkononi.

"Mama Guyo," akamwita mama kwa jina la kaka yangu, "hii dania yenu imelala? Nimenusa mpaka nikapiga chafya, hakuna kitu. Watu wa ngamia mkilima ndio hivi?"

"Na watu wa miraa mkiiba ndio hivi?" mama akajibu. "Mnachukua, halafu mnarudisha na malalamiko."

Walicheka mpaka Akko akatoka kuona kinachochekesha.

Sasa, Akko alikulia Biliqo, nyuma ya mifugo, na hakuujua mmea kwa ua lake. Aliujua kwa mdomo unaoula. Kulikuwa na mti wa ngamia, majani yanayonukia kwenye maziwa, na mmea unaoua mwana-mbuzi kabla ya alasiri. "Kitu haijulikani, haikai kwa boma," alisema. Alichuma jani akampelekea mbuzi wake mweusi, yule aliyewahi kula jalada la daftari langu na kandambili moja ya mama. Mbuzi alinusa, akageuza uso kama mgeni aliyepewa chai bila sukari.

Akko alivunja shina, akajipaka maji yake kwenye kifundo cha mkono, akaketi kungoja. Hata chai yake haijapoa, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Hii inauma. Kuna watoto hapa, kuna mbuzi. Kesho naing'oa."

Nililia kama aliyefiwa. "Shangazi alisema likifunguka tutamwona. Ukiing'oa hatakuja."

Akko aliacha kuukuna mkono wake. "Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Asubuhi nilikimbia nyuma ya jikoni nikiwa tayari kulia tena. Mimea ilikuwa palepale, imezungushiwa miiba iliyosukwa vizuri kuliko ya zizi letu, hata panya hangepita. Kando yake kulikuwa na kigoda cha Akko na birika lake la plastiki. Tangu siku hiyo alitawadhia hapo, mara tano kwa siku, badala ya kule kwenye mfereji. Mama alipomuuliza, alisema, "Ni magoti. Mfereji uko mbali."

Mfereji ulikuwa hatua kumi na mbili. Magoti hayohayo yalimpeleka mnadani kwa miguu kila wiki, kutazama mbuzi asiokuwa na nia ya kuwanunua. Lakini mimi nilimwamini, na nililalamika kwamba maji yake ya udhu yataozesha viazi vyangu.

"Intala," alisema, ndivyo alivyoniita, yaani binti, "usinisemeshe, naswali." Alikuwa bado ananawa miguu.

Julai ikaja na ule upepo wa baridi unaoshuka kutoka mlimani, watu wote ndani ya sweta. Mmea mmoja ukatoa tumba lililoinamisha kichwa. Nilipitisha uso kati ya miiba nikitafuta kola, nikaiona, ya kijani, yenye marinda. Nilimwita kila mtu. Mama Kawira alisema ni kola ya mwalimu wa chekechea akienda harusi. Shangazi alipiga simu kusema amepata tiketi. Akko aliitikia "Inshallah" na kuirudisha simu kwa mama.

Asubuhi moja jua lilipofika ukutani, ua likafunguka. Jekundu, katikati jeusi kama jicho lililopakwa wanja, na duara jeupe kulizunguka. Jioni lilijifunga, nikadhani limebadili nia. Kesho yake likafunguka tena.

Siku ya tatu, lango likagongwa. "Salaam aleikum," ikasema sauti niliyoizoea kwenye simu tu.

Akko hakuitikia. Alimshika Talaso mkono, na sanduku lake lililofungwa kamba, akamvuta hadi nyuma ya jikoni, akaisogeza miiba.

"Ni lenyewe?"

Shangazi aliinama, akagusa ile kola kwa kidole. "Ni lenyewe."

Ndipo Akko akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, upande huu na ule, kama afanyavyo na mbuzi mnadani. "Na huyu?" akaniuliza mimi.

"Ni mwenyewe," nikasema.

"Aleikum salaam," akasema Akko, akamkumbatia.

Shangazi hakurudi tena Lebanon. Wiki chache baadaye majani yaligeuka manjano yakaanguka, naye akanituliza kwamba kiazi hakijafa, kimelala tu joto lipite. Wakati huo niligundua kwamba kigoda na birika vimerudi kule kwenye mfereji. Nilifurahi sana. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa kumponya Akko magoti.

Sasa binti yangu yuko shule ya bweni Kinna. Alipoondoka aliacha chungu chake cha maua mlangoni, na mimi huoshea mchele wangu hapo, juu yake. Juzi mume wangu aliniuliza kwa nini situmii sinki la jikoni siku hizi.

Nikamwambia ni magoti.