Siku Nilipotaja Majina Ukumbini

Wallahi hata leo nikikutana na Mzee Farah sokoni najifunika uso kwa mtandio, naye anacheka mpaka ndevu zake za hina zinatikisika, maana aibu ile niliileta kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wageni wa Nairobi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mjukuu wangu Abdirashid (mtoto wa binti yangu Khadija, yule wa pili) alisoma mambo ya ulinzi wa nchi mpaka akaitwa daktari, ingawa hata mafua hajui kutibu, na taasisi moja ya Nairobi inayochunguza usalama ilitaka kumwajiri. Lakini kwanza asome utafiti wake hapa Garissa, wakubwa wasikie, ndipo waamue. Wazee aliwahoji kuhusu hofu ya askari, nyumbani kwangu mtaa wa Iftin, juu ya mkeka wangu, wakinywa chai yangu, akawaahidi hatataja jina la mtu. Siku yenyewe akaniambia, "Ayeeyo," ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita bibi, "wewe pumzika nyumbani." Nikasema nitachungulia tu. Nikakaa mstari wa mbele.

Akaanza kusoma: "Mzee mmoja wa Tarbaj, kule Wajir, alisema akisikia lori la askari hujificha nyuma ya mke wake."

Mimi sikusikia lori wala mke, nilisikia hilo la mzee mmoja tu. Kwetu mtoto mdogo anahesabu babu zake kumi bila kupumua, sasa mtu mzima anaitwa mzee mmoja kama mbuzi aliyepotea? Nikasimama.

"Si mzee mmoja! Ni Farah Gedi Abdi Warsame, shemeji yangu, yule pale!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Farah akainama akatafuta viatu vyake, na viatu alikuwa amevaa. Nikamwonea huruma, nikaona afadhali nimpe mwenzake wa kushiriki aibu (akili yangu hiyo!), nikaongeza, "Hata Hassan Nur, huyo kando yake, alisema yeye hukimbilia chooni!"

"Ayeeyo, nakuomba, kaa," Abdirashid akasema.

Mkubwa wa taasisi, mwanajeshi mstaafu, akafunga daftari. "Daktari, hivi ndivyo unavyotunza siri za watu?"

Nikakaa. Nilijua kazi ya mtoto nimeshaimaliza.

Ndipo Farah akainuka na bakora yake. "Bwana mkubwa, kijana hakusema. Amesema Halima, na huyu tangu aolewe kwetu hajawahi kunyamaza. Lakini lori tunaliogopa kweli. Andika jina langu, na la babu yangu pia."

"Na langu," Hassan akadakia, "ila choo futa!"

Mkubwa akacheka, akafungua daftari, akawauliza mwenyewe kwa nini wanaogopa, nao wakamweleza mpaka adhana ya adhuhuri. Kazi Abdirashid alipewa, alhamdulillahi. Nami nikaapa: akija na wageni wa madaftari, namimina chai, kisha naenda kwa jirani Saadia kabla haijapoa.

Ila siku ile ilibaki karatasi moja. Abdirashid akasoma: "Mama mmoja mzee alisema lori haliogopi, wala bunduki. Anaogopa mjukuu wake aliyesoma asije akasahau njia ya nyumbani."

Farah akanigeukia, macho yanacheka.

"Haya Halima, na huyo ni nani? Taja!"

Nikauma ncha ya mtandio.

"Mama mmoja tu," nikasema.