Kondoo wa Akika Ukumbini

Mwezi wa kumi hapa Tabora, mvua bado haijaja, mtu anaamka amechoka tayari. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinunua kondoo wa akika ya mjukuu wake. Kondoo alitoka Igunga juu ya lori, akafika kwetu mtaa wa Ng'ambo saa za jua kali. Tukamfunga ukumbini tukidhani tunamkinga. Ukumbi wenyewe ni bati bila dari, na mlango wa nyuma tunaufunga kwa sababu ya vumbi.

Alasiri mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka mbio. Mara akaachama, ulimi nje.

"Huyu mgonjwa," wifi akasema. "Mgonjwa hafai kwa akika. Bora nimpeleke buchani angali hai."

"Ni joto tu, wifi."

"Udaktari umesomea wapi?"

Sikusomea. Niliishia darasa la saba. Nilichonacho ni cha kuchunga nyumbani Sikonge: kondoo jasho lake halimtoshi, joto analitoa kwa pumzi. Asubuhi za baridi hulala amekunja miguu chini ya tumbo, na pumzi huzioni. Nikamshika masikio. Ya moto.

"Hata homa huchoma masikio," wifi akasema, na hapo hakukosea. Nikaanza kujitilia shaka.

Tukakubaliana: jua likizama bado anahema hivyo, aende buchani. Tukamtoa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta panapopita upepo. Wifi akaleta ndoo ya maji. Niseme kweli, mimi maji sikuyawaza. Kondoo akanywa, akasimama tu. Karibu na magharibi akafumba mdomo, akaanza kucheua.

"Maji yangu hayo," wifi akasema.

"Au kivuli."

"Haya, na kivuli chako."

Mpaka leo sijui ni kipi.

Asubuhi mchinjaji alimkagua macho, meno na miguu, akasema anafaa. Kulikuwa na ubaridi kidogo. Kondoo alikuwa amelielekezea jua ubavu, ametulia. Nilisaidia kumlaza. Chini ya kiganja changu alikuwa anapumua polepole.

Mchana, wageni wameshakula, nilijinyoosha ukumbini. Wifi akaja anajipepea kwa upande wa kanga.

"Wewe nawe unahema," akasema. "Toka humo."

Tukatandika mkeka nyuma ya nyumba, pale pale alipokuwa amefungwa kondoo.