Nesi Polepole na Miguu ya Fundi

Mke wa kaka yangu ni nesi, na kliniki nzima inamwita Nesi Polepole. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Foleni ikifika kwake inakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Wenzake wanakufunga kipimo cha presha mkononi, wanasoma, wanasema nenda. Yeye atakutazama midomo, atakubana kucha aone kama damu inarudi upesi au inajivuta, atashika mapigo mkono huu na mkono ule, kisha akuambie uvue viatu. Akirudi nyumbani hana neno lililobaki. Anakaa kiti cha mlangoni, mkoba ungali begani, na kaka yangu amejifunza kumwacha.

Juzi nilimpelekea rafiki yangu, fundi cherehani wetu, mwanamke mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Binti yake wa pekee alikuwa karibu kujifungua huko mbali, safari ya kutwa kwenye basi, na fundi alishafunga mzigo. Kilichobaki ni kliniki kumwambia presha iko sawa.

Ikapimwa. Iko sawa.

"Umeona?" fundi akaniambia, anainuka. "Nguo imekaa mwilini."

"Keti, dada yangu," wifi akasema. Macho yalikuwa mekundu. Mwenzake wa zamu hakutokea, kazi yote ilikuwa yake. "Vua viatu."

"Presha imehamia miguuni siku hizi?"

"Wewe vua tu."

Viatu vilitoka kwa kuvutana. Wifi akabonyeza kidole gumba kwenye muundi, mguu mmoja kisha wa pili, akaachia. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Akamwegemeza kitandani, kichwa juu kidogo, akamtazama shingo: mshipa umesimama, unacheza hadi karibu na taya. Akamsikiliza moyo, hapa na pale, hana haraka, kisha mapafu mgongoni.

"Unalalaje?"

"Kwenye kiti. Nikilala chali pumzi inanikimbia. Uchovu wa cherehani huo."

"Na dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Fundi akanikata jicho, kana kwamba mimi ndiye niliyemchongea. "Siku za kliniki. Jana nimemeza, leo nimemeza. Kwani mtu anavaa nguo ya kutokea akiwa anasugua masufuria?"

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Wifi akajifuta uso kwa kiganja.

"Kipimo umekivalisha vizuri, dada. Miguu umeisahau. Moyo umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini. Huendi popote mpaka daktari akuone, na nadhani atakulaza."

"Mwanangu ananingoja."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungesoma mashine yako ukanyamaza."

Nikaingilia. "Wifi, mwache aende, dawa atamezea huko huko."

"Kutwa nzima amekaa, miguu inaning'inia, pumzi yenyewe hii? Wewe ndiye utamshusha?"

Fundi akatoa simu, akamsukumia wifi. "Basi mwambie wewe. Mimi siwezi."

Wifi akapiga, foleni inanung'unika nje. Hakuzungusha maneno. Binti alilia mpaka tukamsikia sote: nani atamshika mkono, nani atamwogesha mtoto, huyo nesi ana mama kweli? "Ndiyo, mwanangu," wifi akawa anasema, "ndiyo, una haki." Alimwacha amalize. Fundi amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Kisha wifi akanitazama mimi, akaninyooshea simu. Nikaipokea.

"Mama mdogo hapa," nikamwambia binti. "Nyamaza. Nakuja mimi."

Wifi akaita anayefuata, na kabla huyo hajakaa vizuri nikasikia akiambiwa avue viatu. Mimi nikaenda kuuchukua mzigo wa fundi, na ulikuwa mzito, mwanamke yule amemshonea mjukuu nguo za kumtosha mpaka aanze shule.