Kitufe cha Sabina

Kila asubuhi nafagia ofisi ya wanunuzi wa dagaa hapa Kirumba, mwanangu Maulida akiwa mgongoni. Anayefika wa kwanza baada yangu huwa ni Venant. Ni mtu mpole, anazunguka pembeni ya ukuta ili asikanyage nilipotoka kudeki. Kazi yake ni ripoti ya kwenye kompyuta, ule ukurasa ambao bosi wetu Nurudin anaufungua kuona kila kituo kimepokea kilo ngapi.

Juu ya ukurasa kuna vitufe vinne vimefungwa kundi moja. Havina majina ya vituo. Wavuvi wetu hawasemi "peleka Kamanga". Wanasema "peleka kwa Sabina," kwa jina la mama anayepima dagaa pale. Basi Venant naye aliandika hivyo hivyo: Teodora, Rebeka, Mastura, Sabina.

Sabina alikuwa mke wake. Alifariki mwezi wa tatu, aliugua siku tisa tu. Tulimzika ng'ambo ya ziwa, kwao Sengerema, upande huo huo wa Kamanga, na tangu mazishi Venant hakuwahi kuvuka tena. Mizani ya Kamanga akapewa Odeta, binti mcheshi. Kitufe kikabaki Sabina mpaka mwezi wa sita.

Nurudin alimwonea huruma, akawa anatania tu. "Kazi ya dakika mbili, Venant, wewe unaizeesha!"

"Vimefungwa pamoja, bosi. Kugusa kimoja ni shida."

Mimi niliamini, kompyuta siijui.

Jumanne moja Odeta alikuja mwenyewe na kivuko cha asubuhi. Hakuwa anacheka.

"Shikamoo, kaka Venant."

"Marahaba, Odeta."

"Kaka, ile karatasi ya ripoti mnayotuletea kubandika kituoni, wavuvi wanaisoma, wanaona bado ni Sabina. Sasa wananiita marehemu. Jana mmoja kaniwekea ndoo: 'Marehemu, pima basi, jua linawaka!' Wakacheka wote. Mama yangu hapiti tena pale. Naomba jina langu, kaka."

Venant alisogeza kiti kwenye kompyuta. Akafungua ukurasa, akagusa, akabonyeza kufuta. Vitufe vyote vinne vikapotea.

"Ukigusa mara moja unashika kundi zima," alisema, kama anajisemea. "Wa kumshika peke yake unamgusa mara ya pili." Na yeye ndiye huwafundisha wenzake hilo.

Akarudisha nyuma. Vikatokea tena vyote, na Sabina pia. Venant akashusha pumzi kama mtu aliyepata nafuu. Odeta aliona, hata mimi niliona.

"Basi, kaka, acha tu," Odeta alisema. "Nitavumilia."

"Hapana, mdogo wangu. Usivumilie."

Akagusa mara mbili. Mstari ukazunguka jina moja tu. Akaanza kufuta herufi kutoka mwisho, moja moja. Ilipobaki S mkono ukagoma. Nilisimama na fagio langu, sikujua niangalie wapi. Akaifuta, akainuka kitini.

"Kaa, uandike mwenyewe."

Odeta aliandika jina lake kwa kidole kimoja, machozi yanamdondokea kwenye meza.

Venant alichapa karatasi mpya, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Mama Maulida, bosi akiniulizia mwambie nimevuka Kamanga. Hii nakwenda kuibandika mwenyewe."

Wakatoka, Odeta mbele, yeye nyuma, taratibu.