Hatua Arobaini kutoka Penye Jiwe

Ukipita mtaani kwetu Kamalondo ukaona plaki, kibao cha chuma cha ukumbusho, imesimama mbele ya baa yenye kuta za njano, usijisumbue kuisoma. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri kwamba hapo ndipo wafanyakazi wa kwanza wa reli walipokuwa wakitua majeneza ya wenzao, njiani kwenda makaburini. Maneno ni ya kweli. Mahali ni uongo mtupu.

Mahali penyewe ni kwenye kona, karibu na mfereji. Palikuwa na jiwe bapa, kimo cha goti. Babu zetu waliotoka kaskazini kufanya kazi ya reli walibeba wafu wao mabegani, na pale kwenye jiwe walitua jeneza ili marehemu aiage barabara yake. Hakuna padri aliyewafundisha. Mtu wa karibu na marehemu alilipiga jiwe kwa kiganja mara tatu, akasema, "Enda muzuri," wakanyanyua tena. Baba yangu alituliwa pale. Mama ndiye aliyepiga jiwe, nami nimeshika kitenge chake.

Kisha ikaja kamati ya ukumbusho. Ee Mungu wangu, watu wale! Suti, miwani ya jua, na kichwani upepo. Eti kona ni nyembamba, magari ya wakubwa hayatapata pa kusimama, na mfereji utaonekana kwenye picha. Wakaihamisha historia mpaka mbele ya baa, kwa sababu kule kuna kivuli na bia ya baridi. Jiwe lenyewe walilivunja wakalichanganya na saruji ya kushikilia nguzo ya plaki, halafu mmoja wao akasimama kwenye hotuba akatamba kwamba wamelihifadhi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hii ni ya hatua arobaini, nimeipima kwa miguu yangu.

Niwaseme wao tu? Mimi, mwalimu mstaafu, ndiye niliyewaandikia yale maneno. Siku ya sherehe nilikaa kiti cha mbele, nikanywa bia yao, nikapiga makofi. Nilijua wamekosea mahali. Lakini waliniita "Professeur" mbele za watu, na mpumbavu hulewa sifa kabla ya bia.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua mboga ya lengalenga. Hakuinua macho.

"Minasikia balivunja jiwe."

"Ndiyo, Mama. Lakini plaki iko muzuri sana."

"Na we ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

"Siku yangu ikifika, banitue fasi baba yako alituliwa, kwa kona. Hapana kwa baa. Unasikia, mutoto yangu?"

Nikasema nimesikia.

Mama alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Nilikataa gari, kwa hiyo vijana wa parokia walimbeba mabegani. Nilikuwa nyuma na wazee, natembea polepole. Walipofika mbele ya baa, wakatua. Muziki wa baa ulikuwa unapiga kwa nguvu, na mlevi mmoja akamwinulia Mama chupa.

"Muko munafanya nini?" niliuliza.

Aliyekuwa anawaongoza alisonta plaki. "Papa, ni hapa. Baliandika."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Yalikuwa maneno yangu yale, nukta kwa nukta.

"Mumunyanyue!" nikapiga kelele. "Ile plaki inadanganya! Ni mi niliandika!"

Walidhani msiba umenivuruga akili, lakini walinyanyua.

Kwenye kona, palipokuwa na jiwe, siku hizi anakaa fundi wa nguo na cherehani yake. Sikujua nitamweleza vipi. Hakungoja nieleze. Alituona tunakuja, akavua kofia, akaibeba cherehani pembeni na suruali ya mtu ikiwa bado chini ya sindano, kisha akainama kupangusa udongo kwa mkono, akiokota vipande vya uzi.

"Mutue hapa," alisema. "Mama alikuwa anapita kila asubui kunionyesha fasi. Alisema mutoto yake iko mutu ya masomo, anaweza kusahau."

Wakatua. Nilipiga magoti, nikaupiga udongo kwa kiganja mara tatu, maana jiwe lilikuwa kule kwenye saruji, chini ya maneno yangu.

"Enda muzuri, Mama."