Robo Yangu ya Mishipi na Ndoana

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa chombo. Alizaliwa kisiwa cha Chole, na kwao wote walivua kwa mitumbwi, lakini yeye alipokuwa kijana wimbi lilimpindua, akatolewa majini hajitambui. Tangu hapo akachukia kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Akawa anavua kwa ufito, akiwa amesimama. Aliponioa tukahamia kisiwa cha Juani, karibu na magofu ya Kua, mahali ambapo mtu akikatiza msitu hufika upande wa bahari kuu. Huko majabali yanashuka moja kwa moja kwenye maji ya kina. Unasimama juu, unanyoosha ufito wako, na samaki wako chini ya miguu yako.

Tulikwenda wawili. Yeye alibeba fito tatu begani: mmoja mrefu wa mwanzi uliotoka Mrima, pwani ya bara, mmoja wa kadiri, na mmoja mfupi ambao sikumbuki kumwona akiushika. Mimi nilibeba mkoba. Ulikuwa mkoba mkubwa wa ukili, na ndani mlikuwa na kila kitu: mishipi minene na myembamba, risasi za kuzamishia, vipande vya waya, ndoana za kila kadiri, kisu na jiwe la kunolea, kifuu cha chambo, kibuyu cha maji, na vitu vingine ambavyo sikupata kuviona vikitumika. Nilikaa nyuma yake kidogo, palipokuwa na kivuli. Yeye hageuki. Anaangalia maji tu, halafu ananyoosha mkono nyuma.

"Ndogo," anasema. Nami namtia ndoana ndogo kiganjani.

"Waya." Nampa waya.

Basi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu asubuhi nzima. Watoto hatukujaaliwa. Nilijua kila kitu kilipo ndani ya mkoba ule, hata nikifumba macho, lakini ufito wenyewe sikuwahi kuushika.

Homa ilimchukua kiangazi, wala haikumtesa siku nyingi. Nikakaa eda. Nilipotoka eda, mdogo wake alivuka kutoka Chole pamoja na mwalimu wa chuo cha Kurani ili mirathi igawanywe. Hapakuwa na mengi. Minazi ilikuwa ya ukoo, nyumba nilikwisha kuachiwa nikae. Vilivyobaki ni vile vyombo vya kuvulia. Shemeji akatandika mkeka uani, akavipanga vyote juu yake, fito kando, mishipi ikiwa imezungushwa, ndoana zimechomekwa kwenye makumbi ya nazi zisipotee.

Mwalimu akasema, "Mke asiye na mtoto fungu lake ni robo."

Shemeji akasema, "Shemeji, chagua wewe kwanza. Nitakachoachiwa ndicho changu."

"Anavitaka vya nini?" mwalimu akauliza. Alimwuliza shemeji, si mimi.

"Vya kuvulia," nikajibu.

Mwalimu akanitazama, akatazama fito. Kisha akasema, "Basi achague."

Nilichagua kwa mapenzi. Nilichukua ule mwanzi mrefu, kwa kuwa ndio aliokuwa akiupaka mafuta ya nazi kila Ijumaa. Nikachukua mshipi mnene, risasi nzito, ndoana kubwa za chewa, na mkoba. Ufito mfupi, mishipi myembamba na lile kumbi la ndoana ndogo zilizoanza kushika kutu niliviacha. Shemeji alifungua kinywa kama anayetaka kusema neno, halafu akafunga. Akafungasha vyake, wakavuka.

Siku niliyotoka peke yangu mara ya kwanza, njia ilinishinda kabla bahari haijanishinda. Mkoba kichwani, mwanzi begani, kibuyu kiunoni. Mwanzi ulikuwa mrefu kuliko nilivyouona ukiwa kwa mwenyewe. Kila nilipopinda, ncha yake ilikamatwa na matawi nyuma yangu, nikasimama, nikatua mkoba, nikarudi kuunasua. Nilifika nimeloa jasho, na maji yalikwisha kuanza kujaa.

Pale mwambani nikagundua jambo ambalo miaka yote sikulifikiri: mtu akishika ufito kwa mikono miwili hana mkono wa kutafutia kitu mkobani. Nikitaka risasi, lazima nilaze mwanzi. Nikiulaza mwanzi, mshipi unalegea, kaa niliyemtia kama chambo anakwenda kujificha chini ya jiwe. Nikimtoa kaa, risasi imekwishapotea tena chini ya jiwe la kunolea. Mkoba ule ulipangwa kwa ajili ya mtu aliyeketi nyuma, na mtu huyo sasa alikuwa amesimama mbele.

Kati ya hangaiko hilo, huku nikiangalia maji, nilinyoosha mkono nyuma. Sikukusudia. Kiganja kilikaa wazi pale nyuma muda kidogo, kikapigwa na upepo, ndipo nikatambua ninafanya nini. Niliurudisha mkono, nikajifanya ninajikuna mgongo, ingawa pale hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Bamvua yote ile, siku zote za maji makubwa, sikupata kitu. Bamvua iliyofuata nilikwenda tena na mzigo uleule, na samaki mmoja akala. Hata leo sijui alikuwa samaki gani. Alivuta mara moja tu, nikaanguka magoti, nikaburuzwa mpaka ukingoni pa jabali, meno ya miamba yakinichana. Mwanzi sikuuachia, akili ya kuuachia haikunijia. Mshipi ulikatikia kwenye ncha ya jiwe, nami nikabaki nimelala kifudifudi, uso wangu unaangalia povu chini. Nilijivuta nyuma, nikakaa mbali na ukingo. Niliwaza kwamba ningeanguka mle, hakuna ambaye angejua mpaka mbuzi niliowafuga nyumbani walie njaa na mpita njia ajiulize kwa nini wanalia.

Nikapata mtumbwi wa wanawake waliokuwa wakipeleka nazi, nikavuka nao hadi Chole. Shemeji nilimkuta uani kwake anasuka dema la kutegea samaki. Nikamwekea vyote mbele yake, mwanzi, mshipi, risasi, na mkoba.

"Hodi yako imekuja na mzigo," akasema. "Karibu, shemeji. Kuna nini?"

"Nimekuja kubadilisha. Vile nilivyoviacha unavyo?"

"Vipo. Sijavitumia." Akatazama magoti yangu, yalikuwa bado yana vidonda. "Umeanguka?"

"Nimeanguka."

Aliweka dema chini. "Siku ile nilitaka kukwambia. Lakini ulivyoushika ule mwanzi, nikaona nikisema nitakuwa kama ninakunyang'anya." Akaingia ndani, akatoka na ufito mfupi, mishipi myembamba na lile kumbi. Kutu alikuwa ameisugua. Akanipa mkononi. "Hivi ndivyo vilivyokuwa vyake vya kweli. Kabla hajakuoa, alikuwa akienda mwambani na ufito huu na kumbi hili, basi. Mkoba hakuwa nao kabisa."

"Na vile vingine?"

"Vile alianza kuvikusanya ulipokuja wewe. Siku moja nilimkuta anamhimiza mama yetu amsukie mkoba mkubwa. Nikamwuliza, kaka, unahamia wapi? Akacheka. Akasema, 'Mke wangu anakaa peke yake kutwa, hana mtu wa kwao kisiwani. Nikimwambia twende tu, atasema ana kazi. Nikimwambia nibebee mzigo, atakuja.'"

Nilicheka, kwa sababu niliisikia sauti yake ndani ya maneno yale. Kisha nikakasirika. Shingo iliniuma miaka yote ile! Jiwe la kunolea peke yake lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Angeniambia, ningekuja mikono mitupu. Au labda nisingekuja, sijui. Shemeji alisuka dema lake bila kuniangalia mpaka nilipomaliza kujifuta uso.

Mkoba nilimwachia mkewe, akautia mihogo.

Nyumbani nilianza kupanga upya. Nilikaa uani na ufito mfupi, nikafumba macho, nikajiuliza mkono wangu wenyewe unakwenda wapi ukihitaji kitu. Unakuja kifuani. Basi kumbi la ndoana nikalitia kamba, nikalivaa shingoni. Mshipi mwembamba nikauzungusha kwenye ufito wenyewe, usinisumbue njiani. Kisu nikakichomeka kiunoni, kwenye pindo la kanga. Chambo kwenye kifuu, nikakifunika kwa jani na kukifunga. Waya niliutoa, samaki wenye meno wakanikatia ndoana mbili, nikarudisha kipande kimoja. Kibuyu cha maji nikawa nakiacha katikati ya njia, chini ya mkwaju, nikinywa nikienda na nikirudi. Jiwe la kunolea lilibaki mlangoni. Kisu nilikinoa kabla sijatoka.

Nikaanza kupata. Changu wadogo, tasi, mara mojamoja pono. Ndoana ndogo haileti samaki wa kukuburuza. Nilikula, wengine nikawakausha, na mbuzi wangu hawakulia njaa.

Lakini nitasema kweli: mzigo ulipopungua, njia ilizidi kuwa ndefu. Zamani nilitembea nikiulaani mkoba, na kulaani ni kazi, kunamshughulisha mtu. Sasa nilitembea mikono myepesi, sina la kulaani, nikafika mapema mno, nikakaa juu ya jabali kuyasubiri maji yajae. Shemeji na mkewe waliniita nihamie Chole. Niliwaambia bado. Sikuwa na sababu nzuri ya kuwapa.

Asubuhi moja maji yakiwa yametoka sana, nikawaona wanawake upande mmoja wa jabali, chini kabisa kwenye mwamba uliojitokeza, wanatafuta pweza kwa vijiti. Walikuwa wageni kwangu, labda watu wa kisiwa cha Jibondo. Mmoja, mwanamwali bado, akainua uso akaniona pale juu na ufito wangu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba!" nikaitika.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nilikuwa sijasema neno tangu jana yake, na koo halikujua kipimo. Ikagonga majabali, wote wakainuka kutazama, kisha wakacheka, na mimi nikacheka pia. Yule mwanamwali akapanda, akakaa karibu nami, akauliza ninapata nini kwa kijiti kile. Nikamwonyesha changu wawili. Akasema ni wazuri. Akakaa kidogo tena, miguu yake ikining'inia juu ya maji, mpaka wenzake walipomwita kwamba bahari inarudi, naye akateremka haraka kabla njia haijafunikwa.