Sumaku Tumboni mwa Ng'ombe

Mimi ni fundi spika Mpanda mjini, na subira sina. Kitu kikigoma kufunguka, nakipasha moto. Tabia hiyo nusura imuue ng'ombe wa mama.

Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, anaishi Mwamkulu. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwenzake alikufa, tukampasua na kumkuta na kipande cha waya tumboni, kimeingia pamoja na pumba alizozoa Mayu sakafuni kwenye mashine ya kusaga. Sasa na huyu akaacha kula, akawa anaguna kila akilala.

"Huyu naye akifa, sifugi tena," Mayu akasema. Mayu bila ng'ombe! Niliogopa kweli.

Daktari wa mifugo akasema huenda kameza waya vilevile. Tummezeshe sumaku kali, itulie tumboni ikishika chuma kisitoboe. Akataja neodimi, metali mojawapo ya zile adimu.

"Imo kwenye spika ndogo za kisasa. Ukubwa wa sarafu tu, lakini inanyanyua nyundo."

Ah, hizo si ndizo kazi yangu? Nikachukua spika mbovu. Sumaku ilikuwa imeshikwa na gundi, nikaiweka kwenye jiko la mkaa. Ikabanduka vizuri kabisa. Nikaisogeza kwenye pini: wapi! Daktari alicheka mpaka nikakasirika.

"Fundi mzima! Neodimi haitaki moto. Ikiungua, nguvu hairudi hata ikipoa."

Nyingine niliyobaki nayo ilikuwa ndani ya spika yangu mwenyewe, ninayopigia muziki harusini. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Safari hii sikuwasha jiko. Niliiloweka kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikangoja siku nzima. Mimi, kungoja! Ikatoka kwa ulaini, bila ufa. Daktari akaiosha, akaikagua, akamsukumia ng'ombe kooni, kisha akamchoma sindano.

Siku ya tatu asubuhi Mayu akapiga simu. Hata salamu hakunipa. Alisogeza simu mdomoni mwa ng'ombe, nikasikia akitafuna, taratibu, kwa raha zake. Nikalia palepale kibandani mbele ya wateja.

"Umesikia muziki wako?" Mayu akauliza. "Haya, funga kibanda uje. Kuna mtu Litapunga anauza mtamba, ng'ombe wangu apate mwenzake. Twende tukamwone."